Emily Hobhouse: Mwanamke Aliyeuliza Sabuni Iko Wapi

Sisi tunaosoma Mazimbu tumezoea kuishi jirani na makaburi ya watu wa mbali. Wale waliolala pale ni Waafrika Kusini, wengi wao vijana wa rika letu, waliokimbia kwao na kupewa ardhi hapa Morogoro. Chama chao, ANC, kilijenga shule na kuipa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria mwezi Aprili 1979. Shule ilipofungwa mwaka 1992 majengo yalikabidhiwa kwa serikali yetu, na ndimo tunamosomea leo. Mwaka wa kwanza nilipofika hapa nilimwuliza mwenzangu hawa walimkimbia nani. Akanijibu kwa neno moja: Makaburu.

Kwangu mimi neno hilo halikuwa na sura nyingine. Kaburu alikuwa mtu wa bunduki na mbwa, mtu wa kufunga wenzake. Ndiyo maana nilishtuka nilipojua kwamba kabla Makaburu hawajawafungia wengine, mama zao na bibi zao walifungiwa kambini na Waingereza, na watoto wao wakafa kwa maelfu. Kusema kweli sikujua nihisi nini. Nilianza kusoma zaidi, na kila nilipogusa nilikutana na jina la mwanamke mmoja Mwingereza, Emily Hobhouse.

Nimeamua kuwasimulia maisha yake wanachuo wenzangu kwa sababu yamenifundisha jambo ambalo sikulipata darasani. Kambi ya kufungia raia haisimami kwa seng'enge na walinzi peke yake. Inasimama kwa sababu watu walio nje yake, wa mjini, wa gazetini, wa bungeni, wanaendelea na shughuli zao bila kuuliza kinachoendelea ndani. Emily aliuliza. Na kuna mahali ambapo hata yeye hakufika, kama tutakavyoona.

BINTI WA KASISI

Emily alizaliwa tarehe 9 Aprili 1860 katika kijiji cha St Ive, Cornwall, kusini magharibi mwa Uingereza. Baba yake alikuwa kasisi wa Kanisa la Anglikana. Kama ilivyokuwa desturi ya familia za namna ile, watoto wa kiume walipelekwa shule na mabinti wakafundishwa nyumbani. Kaka yake Leonard alisoma Oxford na baadaye akawa msomi mkubwa wa elimu ya jamii. Emily alibaki nyumbani. Mama yake alifariki Emily akiwa na miaka 20, na kuanzia hapo kazi yake ikawa kumtunza baba mgonjwa na kusaidia maskini wa parokia. Miaka ikapita hivyohivyo. Baba alipofariki mwaka 1895, binti huyu alikuwa anakaribia miaka 35, hana cheti wala kazi, hana mume.

Alichofanya baada ya matanga kiliwashangaza wengi. Alivuka bahari hadi Minnesota, Marekani, ambako wachimba madini kutoka Cornwall walikuwa wamehamia. Huko alipambana na ulevi na kuanzisha maktaba ya wachimbaji. Akapata mchumba, mfanyabiashara wa mji ule, wakapanga kwenda kuishi Mexico. Mipango ikaharibika, pesa zikapotea, uchumba ukavunjika. Mwaka 1898 alirudi Uingereza akiwa na miaka 38, mikono mitupu.

Nimelitaja hili kwa makusudi. Tunaposoma habari za watu mashuhuri tunadhani walianza kung'ara tangu utoto. Emily, kwa hesabu za kawaida, alikuwa mtu aliyeshindwa maisha. Kilichomfanya awe Emily tunayemjua kilikuja baada ya hapo.

VITA VYA WENGINE

Oktoba 1899 vita vilianza kati ya Uingereza na jamhuri mbili za Makaburu, Transvaal na Orange Free State. Chini ya ardhi ya Transvaal kulikuwa na dhahabu, na juu ya ardhi ile kulikuwa na Waafrika walio wengi kuliko pande zote mbili zilizopigana, ambao hakuna aliyewauliza maoni yao. Uingereza nzima ilipandwa na mori wa vita. Waliopinga walikuwa wachache. Mmoja wao alikuwa baba mdogo wa Emily, Lord Hobhouse, na kupitia kwake Emily aliingia katika kamati ya kutafuta suluhu akawa katibu wa tawi la wanawake.

Kufikia katikati ya 1900 Waingereza walikuwa wameiteka miji mikuu yote miwili, Bloemfontein na Pretoria. Wakadhani vita vimekwisha. Kumbe wapiganaji wa Kikaburu walikuwa wameingia porini na kuanza vita vya msituni. Wanapiga reli, wanatoweka, na usiku wanapata chakula mashambani kwa wake zao. Jenerali Roberts, na baada yake Jenerali Kitchener, wakaamua kukata mzizi. Mashamba yakachomwa moto, mifugo ikauawa, nafaka ikateketezwa. Wanawake, watoto na wazee waliobaki bila nyumba wakapakiwa kwenye magari ya ng'ombe na mabehewa ya wazi, wakapelekwa kwenye kambi za mahema kandokando ya reli.

Serikali iliziita kambi za wakimbizi. Sisi wa Mazimbu tunajua mkimbizi ni nani: ni mtu aliyekimbia kwa miguu yake akitafuta usalama. Wengi wa hawa hawakukimbia popote. Walitolewa ndani ya nyumba zao na kuonyeshwa moto. Lakini jina lile zuri lilifanya kazi yake London, kwa sababu aliyesoma gazeti alidhani jeshi linawahifadhi watu kwa huruma.

Emily aliposikia habari za wanawake walioachwa bila makao, alianzisha mfuko wa kuwachangia wanawake na watoto wa Afrika Kusini. Kisha akaona michango haitoshi, lazima mtu aende aone. Tarehe 7 Desemba 1900 akapanda meli, kwa nauli yake mwenyewe.

BLOEMFONTEIN

Alipoondoka Uingereza alikuwa na habari za kambi moja tu, ya Port Elizabeth. Alipofika Cape Town mwishoni mwa Desemba akagundua zipo nyingi na zinaongezeka. Alimwomba ruhusa Kamishna Mkuu, Sir Alfred Milner, naye akakubali. Kitchener akaweka mpaka wake: asivuke Bloemfontein. Basi akapakia chakula na nguo kwenye behewa, akasafiri kwa treni ya kijeshi, akafika Bloemfontein tarehe 24 Januari 1901.

Kambi ilikuwa kama maili mbili nje ya mji, kwenye mteremko mkavu usio na mti wa kivuli. Ndani yake kulikuwa na watu karibu 2,000, wengi wao wanawake na watoto. Ilikuwa katikati ya kiangazi cha kusini. Jua likipiga, hema linakuwa tanuri lenye nzi. Mvua ikinyesha, maji yanapita chini ya turubai na kulowesha mablanketi ya watu waliolala chini. Vitanda hakuna, meza hakuna. Kuni zilikuwa chache mno, kwa hiyo hata aliyetaka kuchemsha maji hakuweza, na maji yenyewe ya mtoni yalikuwa yamebeba homa ya matumbo. Posho ilikuwa ya viwango viwili. Familia ambayo mume alikuwa bado porini anapigana ilipewa chakula kidogo kuliko familia ya aliyejisalimisha. Yaani mtoto alipimiwa chakula kwa kosa la baba yake.

Na sabuni haikuwamo kwenye posho kabisa. Emily alipouliza aliambiwa sabuni ni anasa. Alibishana hadi ikaanza kutolewa, ingawa kidogo. Kwa mtu anayesomea ualimu, hasa sisi tutakaofundisha watoto kunawa mikono kabla ya kula, jibu lile linauma. Weka watu maelfu, maji machafu, vyoo vichache, hakuna sabuni, hakuna moto. Huhitaji risasi.

Ninachokipenda kwa Emily ni namna alivyofanya kazi. Hakusimama katikati ya kambi kuhutubia. Aliingia hema moja baada ya jingine, akakaa juu ya sanduku au godoro lililokunjwa, akauliza na kuandika. Unaitwa nani, shamba lenu lilikuwa wapi, mlikuja na watoto wangapi, wamebaki wangapi, kinachokosekana ni nini. Kisha akatoka kwenda kumsumbua mkuu wa kambi: mabirika ya kuchemshia maji, bomba la maji, wauguzi, magodoro. Aliyeshindwa kutoa alimwuliza ni nani anayeweza, akamfuata huyo.

Katika kambi ile alimkuta mtoto Lizzie van Zyl, wa miaka saba, aliyekonda hadi kubaki mifupa. Baba yake alikuwa hajasalimu amri, hivyo familia ilikuwa kwenye posho ya chini. Lizzie alikufa mwaka huohuo. Picha yake ilipofika Uingereza, walioitetea vita waliitumia kudai kwamba mama yake mwenyewe ndiye aliyemnyima chakula. Emily, aliyewaona wote wawili kwa macho yake, alilazimika kupambana na uongo huo pia.

MJI ULIOKUWA JIRANI

Sasa tujiulize kuhusu mji. Bloemfontein ilikuwa na maduka, ofisi, makanisa na kituo cha treni. Watu walikuwa wananunua mkate maili mbili kutoka mahali watoto wanakufa kwa surua. Je, wote walikuwa na roho mbaya?

Hapana. Emily alilala katika nyumba ya familia ya mjini iliyomkaribisha. Wapo wanawake wa Bloemfontein na Cape Town waliokusanya nguo na kuhangaika kupata vibali vya kuingia. Wapo wakuu wa kambi waliokuwa wapole, waliomwambia wazi kwamba hawana mbao, hawana dawa, hawana hata misumari. Reli ilikuwa ya njia moja na treni za jeshi zilipita kwanza. Ofisa wa reli alifuata ratiba. Mkuu wa posho alifuata jedwali. Muuza duka aliyeona majeneza yakipita aliogopa sheria ya kijeshi. Kila mmoja alishika kipande chake kidogo na hakuna aliyeshika kitu kizima. Kambi haikumhitaji shetani mmoja. Iliwahitaji watu wengi wenye shughuli.

Emily alipozunguka kambi nyingine, Norvalspont, Aliwal North, Springfontein, Kimberley na kwingineko, alikuta hali ileile. Aliporudi Bloemfontein mwezi Aprili, watu aliokuwa amewaacha walikuwa wameongezeka karibu maradufu, na treni zinaendelea kushusha wengine. Katika kituo cha Springfontein alimkuta mama amekaa na mtoto anayekata roho mapajani, hana chozi, anatazama tu mbele. Hakulisahau tukio lile maisha yake yote.

Hapo akaelewa kwamba kugawa nguo ni kuchota bahari kwa kijiko. Amri iliyojaza kambi ilitoka kwa watu waliochaguliwa na wapiga kura wa Uingereza, na wapiga kura wenyewe hawajui kitu. Mwezi Mei 1901 akapanda meli kurudi.

KUWAAMBIA WA NYUMBANI

London alionana na Waziri wa Vita, akamsikiliza kwa adabu na hakuahidi cha maana. Emily akachapisha ripoti yake na kuisambaza kwa wabunge mwezi Juni. Kiongozi wa upinzani, Campbell-Bannerman, baada ya kumsikiliza, alisimama hadharani akalaani namna vita ile inavyopiganwa. Bunge likachafuka. Kambi zikawa habari.

Lakini msidhani alipokewa kwa maua. Magazeti yalimwita msaliti na mwanamke mwenye kichaa cha hisia. Baadhi ya kumbi zilikataa kumpokea na mikutano yake mingine ilivurugwa. Marafiki wa zamani walivuka barabara wasisalimiane naye. Ndiyo gharama ya kuwaambia watu wako kwamba jina lao linatumika vibaya. Aliyewasema adui husifiwa, aliyewasema ndugu zake hukosa hata mahali pa kunywa chai.

Serikali iliunda tume ya wanawake iongozwe na Millicent Fawcett, mtetezi wa haki ya wanawake kupiga kura ambaye aliiunga mkono vita. Emily, aliyekuwa anazijua kambi kuliko wote, hakuingizwa. Tume ilizunguka kambi kuanzia Agosti hadi Desemba 1901, na ukweli haukuipa nafasi ya kukanusha. Ilithibitisha mengi aliyoyasema na kudai wauguzi, chakula bora na maji safi. Wakati huo vifo vilikuwa vimefika kileleni. Mwezi Oktoba 1901 watu walikuwa wanakufa kwa kiwango ambacho kingeendelea mwaka mzima kingeua 344 katika kila 1,000. Marekebisho yalipofanyika, vifo vilishuka haraka mwaka 1902. Maana yake ni kwamba vingeweza kuzuiwa tangu mwanzo.

Oktoba hiyohiyo Emily alirudi Cape Town. Hakuruhusiwa kukanyaga nchi kavu. Alizuiliwa melini siku kadhaa, kisha akaamriwa ahamie meli ya jeshi irudi naye Uingereza. Akakataa kutembea. Askari wakambeba juujuu, amejiviringisha shali yake, mwanamke wa miaka 41 aliyeogopwa kuliko bunduki.

Wenzangu wa ualimu, kuna jambo jingine kambini ambalo linatuhusu sisi. Milner alianzisha shule ndani ya kambi, na walimu waliletwa kutoka Uingereza, Canada, Australia na New Zealand. Maelfu ya watoto walisoma ndani ya mahema, kwa Kiingereza. Walimu wengi walikuja kwa moyo mwema, na kwa watoto wengine ile ilikuwa shule yao ya kwanza. Lakini shabaha ya Milner ilikuwa wazi: mtoto akitoka kambini awe ameacha lugha ya mama yake. Baada ya vita Makaburu walijibu kwa kuanzisha shule zao wenyewe, na humo lugha na uchungu vikafundishwa pamoja. Nimejiuliza, ningekuwa mwalimu kijana nimepewa tiketi ya meli na mshahara, ningeuliza ni nani aliyewaleta wanafunzi wangu pale?

KAMBI YA PILI

Mkataba wa amani ulisainiwa tarehe 31 Mei 1902. Hesabu ilipofanywa baadaye, Makaburu waliokufa kambini walikuwa 27,927. Kati yao 22,074 walikuwa watoto chini ya miaka 16.

Ningeishia hapa ningekuwa nimewadanganya. Zilikuwepo kambi nyingine. Mashamba yalipochomwa, Waafrika waliokuwa wanaishi na kufanya kazi humo nao walifagiliwa, na jeshi likawaweka kwenye kambi zao peke yao, nazo pia kando ya reli. Zilikuwa zaidi ya 60, na mwisho wa vita zilikuwa na watu zaidi ya 115,000. Wanaume walichukuliwa kufanya kazi za jeshi. Wanawake na watoto walilima, na chakula kwa sehemu kubwa ilibidi wakinunue. Vifo vilivyoandikwa ni 14,154, navyo wanahistoria wanaamini vilipita 20,000 kwa sababu nyingi ya kumbukumbu hazikutunzwa. Wengi sana walikuwa watoto.

Huko nani alienda na daftari? Emily alijua zipo. Akiwa Bloemfontein alisikia kuna kambi ya Waafrika yenye magonjwa na dhiki, akaomba wengine waichunguze, akaitaja katika maandishi yake. Lakini hakuingia hema kwa hema kama alivyofanya kwa Makaburu. Tume ya Fawcett nayo haikuzichunguza. Hakuna wabunge waliopigana kuhusu kambi zile, hakuna picha ya mtoto iliyosambazwa London.

Nimelifikiria hili muda mrefu. Rafiki yangu mmoja nilipomweleza alisema basi Emily naye ni walewale, tumwache. Siwezi kukubaliana naye moja kwa moja. Alikuwa mtu mmoja, fedha kidogo, kibali kinachomfunga, na bila yeye hata kambi ya kwanza isingejulikana. Lakini pia siwezi kumpamba. Jicho lake lilizoea kuona mateso ya watu waliofanana naye kwanza, na mlango wa pili aliahidi kuutazama baadaye. Wengi wetu tuko hivyo. Tuna huruma ya kweli, ila ina orodha ya nani aanze.

MNARA

Mwaka 1903 Emily alirudi Afrika Kusini, safari hii bila kuzuiwa. Alizunguka vijiji vilivyokuwa majivu na kutafuta ng'ombe wa kulimia kwa familia zilizopoteza kila kitu. Mwaka 1905 alifungua Philippolis shule ya kusokota na kufuma sufu, ili mabinti wa mashambani wapate kipato. Ilipofika 1908 shule za aina hiyo zilikuwa 27. Mtu asiyepelekwa shule utotoni akawa mwanzilishi wa shule. Moyo wake ulikuwa umeanza kuugua, akaondoka.

Makaburu walijenga mnara mrefu Bloemfontein kuwakumbuka wanawake na watoto wao, na sanamu yake kubwa ilitokana na yule mama wa Springfontein aliyesimuliwa na Emily. Walimwalika aufungue tarehe 16 Desemba 1913. Alisafiri, lakini afya ilimwangusha njiani, akakwama Beaufort West. Hotuba yake ikasomwa na mtu mwingine mbele ya maelfu.

Katika hotuba ile alikuwa amejifunza. Aliwataka Makaburu wasamehe. Akawakumbusha kwamba Waafrika nao walikufa katika kambi za vita ile, na kwamba mateso ni ya binadamu wote. Akawaonya wasije kuwanyima wengine uhuru ambao wao wenyewe waliulilia. Katika safari hiyohiyo alitumia urafiki wake na Jenerali Smuts kumsukuma akutane na Gandhi, aliyekuwa akiongoza mgomo wa Wahindi wa Afrika Kusini.

Hotuba ilisikika lakini haikufuatwa. Mkataba wa 1902 ulikuwa tayari umeweka kando suala la Waafrika kupiga kura. Na mwezi Juni 1913, miezi sita tu kabla ya mnara kufunguliwa, bunge la Afrika Kusini lilipitisha Sheria ya Ardhi ya Wenyeji, iliyowabakizia Waafrika takriban asilimia 7 tu ya nchi. Mnara ukahesabu wafu wa upande mmoja. Watoto waliolelewa chini ya mnara ule walifundishwa kwamba hakuna aliyeteswa kama wao, kwa hiyo lolote watakalofanya ni kujilinda. Kutoka hapo hadi ubaguzi wa rangi, na kutoka ubaguzi wa rangi hadi makaburi yetu ya Mazimbu, njia haina kona nyingi.

SIKU ZA MWISHO

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, Emily alirudia kosa lake la zamani la kukataa kunyamaza. Mwaka 1916 aliingia Ubelgiji na Ujerumani wakati nchi yake ikipigana na Ujerumani. Alitembelea kambi ya Ruhleben karibu na Berlin, ambamo maelfu ya raia Waingereza walikuwa wamefungiwa kwenye mazizi ya uwanja wa mashindano ya farasi. Uingereza nayo ilikuwa imewafungia raia wa Kijerumani. Alirudi akihimiza raia wa pande zote mbili wabadilishane, warudi makwao. Kwa mara nyingine akaitwa msaliti. Vita vilipokwisha alikwenda Leipzig kulisha watoto wa shule wa adui wa jana, na sehemu kubwa ya fedha ilitoka kwa watu wa Afrika Kusini.

Uzeeni alikuwa hana kitu. Wanawake wa Afrika Kusini walichangishana wakamnunulia nyumba ndogo ufukweni, kwao Cornwall. Alifariki London tarehe 8 Juni 1926 akiwa na miaka 66. Majivu yake yalisafirishwa na kuzikwa Bloemfontein, chini ya mnara ule ambao hakuwahi kuufungua kwa mkono wake.

Wapo watakaoniuliza kwa nini niandike habari za Makaburu katika jarida letu, hapa hapa Mazimbu. Jibu langu ni kwamba wengi wetu baada ya mwaka mmoja au miwili tutakuwa tumeshika chaki mahali fulani. Siku moja mwanafunzi atauliza kuhusu vita ile, hata kama somo lako ni baiolojia. Ukifika hapo, usimwambie kwamba walikuwa Wazungu wakipigana wenyewe kwa wenyewe. Na usimpe takwimu moja ukaacha nyingine. Andika ubaoni 27,927, na pembeni yake andika 14,154, kisha umwambie kwamba ya pili ni pungufu kwa sababu hakuna aliyeingia na daftari.